Kawangware wana ploti, Kibera wana stracha

Wasee, kuna mtu hunifuata kila nikiposti video ya mjengo. Nikisema "simiti", anakuja: sema saruji. Nikisema "slabu", anakuja tena: hicho si Kiswahili, sema zege. (Slabu na zege si kitu kimoja, muulize fundi yeyote. Zege ndiyo inamwagwa, slabu ndiyo inabaki.) Halafu anamalizia na ile ya siku zote, eti vijana wa Nairobi wameua lugha. Nimemjibu kwa emoji miezi mingi. Leo namjibu kwa historia.

Tuanze na hiyo saruji yake. Saruji ni neno la Kiajemi, na Waomani wanalo mpaka leo. Ya kwao ni udongo uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa, na ndiyo wamejengea mifereji yao ya maji tangu enzi. Neno likapanda jahazi, likashuka pwani yetu, likakaa. Simiti nayo ilishuka na Mwingereza, na kufikia 1933 tayari kulikuwa na kampuni inaitwa East African Portland Cement. Kwa hivyo ukimwambia mtu wa Kawangware aache simiti aseme saruji, unamwambia aache neno la mgeni wa jana atumie la mgeni wa juzi. Ni sawa, lakini usimwambie eti moja ni letu na lingine ni la wizi.

Mimi ni wa Kawangware, 46 ndiyo matatu yangu. Baada ya fomu foo nilikaa karibu mwaka mzima nikiwa mtu wa mkono, saa zingine huku kwetu, saa zingine Kibera upande wa Makina na Laini Saba. Kama umelelewa kwa nyumba yenye geti na hujui mtu wa mkono ni nani: fundi akishapanda hashuki. Mtu wa mkono ndiye anampelekea mawe, ndiye anakoroga, ndiye anatumwa maji na sigara. Hakuna anayekuuliza maoni yako, kwa hivyo unabaki na muda mwingi wa kusikiliza.

Na mahali pazuri pa kusikiliza ni siku ya slabu. Hiyo ndiyo sikukuu ya saiti. Watu wanafika alfajiri bila kuitwa kwa sababu wanajua siku hiyo mikono haitoshi. Mashine inanguruma, mchanga huku, balasti kule, na watu wamepanga laini kutoka chini hadi juu wakipitishiana karai. Sasa shika hilo karai. Neno ni la Wahindi, ni chombo chao kipana cha kukaangia, na ndiyo maana mama wa mandazi pale kwa kona ana karai lake na sisi tuna letu. Wahindi wamefanya biashara na pwani karne nyingi, halafu kati ya 1896 na 1901 zaidi ya 30,000 wakaletwa kujenga reli. Karakana na randa ya seremala pia ni ya upande huo, ni maneno ambayo India na Uajemi wanagawana.

Balasti ni ya reli yenyewe. Kwa Mwingereza hayo ni mawe ya kulalia reli, na kabla ya hapo yalikuwa uzito wa kutulizia meli isiyo na mzigo. Ukienda Tanzania utaomba kokoto. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na hesabu yangu ni kwamba ndiyo sababu mpaka leo slabu ya mtu wa Kangemi inamwagwa kwa mawe yenye jina la treni.

Lakini angalia mkono wa fundi. Ameshika mwiko. Ni ule ule wa ugali, jina na umbo karibu vinafanana. Kando yake kuna nyundo, na kile kifimbo chenye povu la maji katikati kinaitwa pima maji, jina ambalo mtoto wa darasa la pili angeelewa. Anachofanya ni kujenga. Anajenga nyumba, nyumba ina mlango, ukuta, nguzo na paa. Hakuna hata moja hapo lililoazimwa. Nyanya yetu jirani ni Mkikuyu, na yeye anasema nyũmba na mũrango. Hakufundishwa na mtu wa Lamu, na mtu wa Lamu hakufundishwa na yeye. Wote wamerithi kwa babu wa mbali sana.

Nasema hivi kwa sababu kuna vitabu vya zamani vilivyopenda kutuambia kwamba huku watu walifundishwa kujenga na wageni. Ibn Battuta alipopita Mombasa 1331 alikuta misikiti ya mbao, na aliisifu kuwa imejengwa vizuri. Na hata ile ya mawe, Kiswahili kina kitenzi chake: kuaka, ni kujenga kwa mawe, na anayeaka anaitwa mwashi. Lugha ambayo haikujua kazi isingekuwa na kitenzi cha pekee cha kuifanya.

Kilichokuja na bahari ni vitu fulani fulani vya hiyo nyumba. Msumari ni Kiarabu. Dirisha ni Kiajemi, kwao lilikuwa kijilango. Rangi pia ni Kiajemi. Bomba ni la Mreno, yule yule aliyeanza kujenga Fort Jesus 1593. Haya tupite haraka, kwa sababu kuna mawili nataka tukae nayo.

La kwanza ni sakafu. Kwa Kiarabu neno hilo, saqf, maana yake ni paa. Ndiyo, paa. Kile kitu cha juu. Sasa ilikuwaje kikashuka mpaka chini ya miguu yetu? Jibu liko kwa nyumba za mawe za Lamu na Mombasa ya zamani. Walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, juu wakapanga vipande vya mawe ya matumbawe, wakamwaga chokaa, wakaitwanga mpaka ikakauka ngumu. Ukiwa rumu ya chini hiyo ni paa. Ukipanda, unaikanyaga. Mwarabu aliinua macho akaitaja, Mswahili alikuwa tayari amesimama juu yake. Na kwa sababu boriti ya mkoko haina urefu wa kupita kiasi, vyumba vya nyumba hizo vilikuwa vyembamba, mita mbili na nusu hivi, ikizidi sana tatu. Manze, hiyo si mbali na ten bai ten yetu. Futi 10 ni kama mita 3. Tajiri wa Lamu wa zamani na mimi tumelala kwa chumba cha upana karibu mmoja, tofauti ni kwamba chake kilikuwa kirefu na kilikuwa chake.

Kwa hizi ghorofa za siku hizi, sakafu yangu ni paa la mtu. Tarehe 29 Aprili 2016 mvua ilinyesha usiku na ghorofa moja kule Huruma ikaanguka na watu ndani, wakafa karibu 50. Kawangware tuliamka tukiangalia nguzo zetu. Tangu hapo mimi nikisikia kontrakta akisema simiti ipunguzwe kidogo, balasti iongezwe, nakumbuka maana ya kwanza ya hilo neno.

La pili ni ghorofa yenyewe. Kiarabu ni ghurfa, chumba. Dada mmoja wa ploti yetu alienda kufanya kazi Saudia miaka miwili, na alituambia wiki ya kwanza mwajiri alimwambia asafishe ghurfa, akatoka nje kutafuta jengo. Kwao ni rumu tu. Zamani neno hilo lilikuwa hasa chumba cha juu, na kwetu likachukua hiyo "juu" likaacha "chumba".

Sasa twende Kibera, kwa sababu huko ndiko Kiarabu kilifika kwa mlango mwingine ambao hauna bahari.

Kibera ilianzishwa na Wanubi. Walikuwa askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne iliyopita wakawekwa kwenye msitu ukingoni mwa mji. Lugha yao ni Kinubi, iliyozaliwa kwenye kambi za jeshi huko Sudan: maneno mengi ni ya Kiarabu, lakini sarufi yake imejipanga kivyake kabisa. Kibra kwa Kinubi ni msitu. Ndiyo maana eneo bunge tangu 2013 linaitwa Kibra, na wazee wa Makina hukasirika ukiongeza hiyo "e". Na nyumba kwa Kinubi ni jua, kutoka neno la Kiarabu la "ndani". Kwa Kiswahili jua linakuchoma, kwa Kinubi jua linakukinga.

Wale askari walijenga, wakazaa, wakazika watu wao pale. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliwatengea rasmi ile ardhi, ekari zaidi ya 4,000. Lakini haikuwapa hati. Ilisema wao ni wapangaji wa Taji, wanakaa kwa hiari ya mwenyewe, na nyumba za kudumu hawakuruhusiwa kujenga. Soma hiyo mara mbili. Mtu amepigania ufalme, ameambiwa akae, ameambiwa asijenge cha kudumu. Mgeni anapita na basi, anaona udongo na mabati, anasema hawa watu hawajui kujenga. Ule udongo ulikuwa masharti.

Hapo ndipo Kiingereza kilitupa maneno yake mazito zaidi ya mjengo, na hayahusu mjengo. Simiti, slabu, kolamu, bimu, hayo ni vyombo tu. Mazito ni pamanenti, semi-pamanenti na stracha. Hayaulizi nyumba imejengwa na nini kama unavyofikiria. Yanauliza kama nyumba ina ruhusa ya kuendelea kuwepo. Ukuta wa udongo uliokandikwa vizuri na kupigwa plasta unakaa miaka 40, nimeona, lakini utaitwa semi-pamanenti. Kiswahili cha zamani kilijua nyumba ya mawe, nyumba ya udongo, nyumba ya makuti. Kilitaja kitu unachoweza kugusa.

Na ndiyo tofauti kati ya Kibera na Kawangware ambayo watu wa nje hawaioni, kwa sababu wakitutazama wanaona mabati tu. Kawangware ilikuwa ardhi ya familia za Wakikuyu wa Dagoretti. Hata jina linasema hivyo, ni mahali pa ngware, yule ndege anayeitwa kwale kwa Kiswahili. Jiji lilipopanua mpaka wakati wa uhuru, lilitukuta pale na ardhi nyingi ikaendelea kuwa ya watu binafsi wenye hati. Kwa hivyo huku kwetu mtu ana ploti. Anaweza kuwa na rumu 20 za mabati kwa ploti, choo kimoja na mfereji mmoja, lakini akipata pesa anabomoa, anaita fundi, anamwaga slabu. Ndiyo unaona kila mwaka Kawangware inapanda juu.

Kibera mtu ana stracha. Hilo neno lina ujanja sana. Mwenye stracha hana ardhi, ana mbao, mabati na udongo tu vilivyosimama juu ya ardhi ya serikali. Na wengi wa wenye stracha hawaishi hapo. Anayelala ndani ni mpangaji, analipa kodi kwa mtu ambaye naye hana karatasi. Ardhi, hati, haki: yote matatu ni Kiarabu, na yote matatu kwa Kibera yamefika nusu. Wanubi wenyewe walingoja mpaka Juni 2017 kupewa hati ya jamii, na ilikuwa ya ekari 288. Kutoka elfu nne na kitu.

Mwaka uliofuata, tarehe 23 Julai 2018, tingatinga ziliingia kwa sababu ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu walikosa pa kulala siku hiyo, na shule pia zilienda. Nilikuwa naangalia kwa simu, na kilichonishika ni maneno ya habari. Kwa Kiingereza walisema stracha zimeondolewa. Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya godoro akiulizwa alisema, "wamebomoa nyumba yangu." Tukio ni moja. Ukisikia "stracha" unaona mbao, ukisikia "nyumba" unaona watu. Kwa hivyo nikiambiwa nichague neno moja la Kiingereza la kutoa kwa mjengo, slabu itakaa, simiti itakaa. Hiyo stracha ndiyo ningeifukuza.

Bado kuna maneno ya malipo, na hapa nitawaomba mtulie kidogo kwa sababu inawahusu wengi wenu wanaotafuta kazi.

Kibarua ni barua ndogo. Karne ya 19 huko Zanzibar na Mombasa, matajiri waliwatoa watumwa wao wafanye kazi za kutwa mjini, kubeba mizigo, kujenga, na mtu alipewa kikaratasi cha kuonyesha amefanya kazi ili alipwe. Sehemu kubwa ya hiyo pesa ilirudi kwa bwana wake. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar 1897, pwani ya Kenya 1907, lakini neno likahama kutoka kwa karatasi likamkalia mtu. Wewe ndiye kibarua sasa. Mwingereza naye alipokuja na lake, akaliita kipande: kuanzia 1920 hivi mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi ya kazi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wazee mpaka leo kitambulisho wanakiita kipande.

Halafu kuna mshahara. Mzizi wake kwa Kiarabu ni mwezi, malipo ya kila mwezi. Mtu wa mjengo hana mshahara, ana pesa ya siku. Na hii si maneno tu, iko kwa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi, hahesabiwi tena kibarua, anahesabiwa mwajiriwa wa mwezi, na haki zake zinabadilika. Sasa unaelewa kwa nini saiti zingine ukikaribia wiki ya nne foromani anakuambia, kwa upole kabisa, "pumzika kidogo, nitakupigia."

Binamu yangu Kevo alianguka kutoka kwa skafoldi kwa saiti moja, mguu ukavunjika. Alikuwa amefanya pale wiki sita bila kuruka. Alipoenda kuuliza fidia, foromani alifungua ile kauntabuku yake. Ndani kulikuwa na majina ya kwanza tu, na Kevo walikuwa watatu. Kontrakta akauliza, wewe ni Kevo gani? Hakuna aliyejibu kwa sauti. Wale Kevo wengine wawili walikuwa juu, kazini, na hakuna aliyetaka kushuka kupoteza siku.

Mguu ulipona, amerudi mjengo, saiti nyingine. Siku hizi kila jioni kabla ya kuondoka anaomba jina lake liandikwe lote vile liko kwa kitambulisho, halafu anapiga picha ukurasa na simu. Foromani hampendi kwa hilo. Anamwita "wakili", ambalo nalo, kabla mniandikie, najua ni Kiarabu.

Wa Mombasa na Kisumu, kwenu mtu wa mkono anaitwaje? Na balasti?